Desemba Ipi?

Jumapili baada ya kanisa huwa tunakutana kwenye lango moja la mabati ya samawati huko Syokimau. Hatualikani. Kila mmoja anakuja kuangalia nyumba yake. Mlinzi, mzee mwenye koti refu la kijani, ameshatujua kwa sura, na hutufungulia kabla hatujabisha. Tunasimama kwenye changarawe, tunainua macho, tunahesabu mistari ya mawe juu ya slabu ya ghorofa ya tatu. Mwezi uliopita ilikuwa mitano. Leo pia ni mitano. Vyuma vya nguzo vimesimama wima, ncha zimeshika kutu, na mvua ya masika imeiteremsha kutu hiyo ukutani kwa michirizi ya rangi ya chai.

“Mzee, mafundi walikuja wiki hii?” mmoja wetu aliuliza.

“Walikuja Jumanne, mama. Watatu na lori. Walipakia mbao za slabu wakaenda nazo.”

“Wakazipeleka wapi?”

“Kuna kazi nyingine wameanza huko mbele.”

Tulinyamaza. Mbao zile zilinunuliwa kwa pesa zetu, na sasa zimekwenda kushikilia slabu ya watu wengine, watu ambao labda wiki hiyohiyo walikuwa wakionyeshwa picha nzuri na kuahidiwa funguo Desemba.

Sisi ni wanunuzi wa nyumba zilizo kwenye ramani, tulizoanza kulipia kabla hazijajengwa. Kati yetu kuna wauguzi, walimu, makarani wa kaunti, dereva wa malori ya masafa marefu, mama mwenye duka la vipuri Kariobangi, na dada anayefanya kazi Doha ambaye kila mwezi humtuma binamu yake apige picha. Kituo cha treni cha Syokimau kilifunguliwa mwaka 2012, na barabara ya Expressway, iliyoanza kubeba magari kutoka Mlolongo hadi Westlands mwaka 2022, ilikuwa tayari inajengwa, kwa hiyo tulipoambiwa kwamba upande huu wa jiji la Nairobi ndio unaokua, tuliona wenyewe kwamba ni kweli. Tulitia saini mwaka 2021. Funguo tuliahidiwa Desemba 2022. Kisha ikaja barua ikasema Desemba 2023. Iliyofuata ikasema mwaka mmoja zaidi. Barua ya mwisho ilisema Desemba tu, bila mwaka. Tulipopiga simu ofisini kuuliza ni Desemba ipi, binti aliyepokea alitujibu kwa upole kwamba angetupigia. Hakupiga.

Tuseme jambo hili mapema, tusieleweke vibaya. Hatuna chuki na wajenzi. Wengi wetu tumejenga japo nyumba ndogo nyumbani kwa wazazi, na tunajua mvua hunyesha, fundi huugua, lori la mchanga hukwama. Mjenzi akichelewa miezi mitatu, minne, hakuna atakayemshika shati. Kinachotuuma ni kwamba kuchelewa kuna gharama, na gharama hiyo yote, hadi senti ya mwisho, tunailipa sisi.

Usomeni mkataba pamoja nasi. Mnunuzi akichelewa kulipa awamu yake, anatozwa riba, na akizidi kuchelewa, muuzaji anaweza kuvunja mkataba na kubaki na sehemu ya pesa. Hayo yameandikwa kwa siku na kwa asilimia. Ukifika kwenye tarehe ya kukabidhi nyumba, lugha inalegea ghafla. Hapo utakuta “tarehe inayotarajiwa”. Utakuta pia kwamba muuzaji anaweza kuisogeza kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, na sababu hizo zimeorodheshwa kwa upana kiasi kwamba ni vigumu kuona ni ipi iliyobaki ndani ya uwezo wake. Kisha kuna kifungu cha kujitoa. Ukichoka, unaweza kuomba pesa zako, ila utarudishiwa baada ya nyumba hiyo kupata mnunuzi mwingine, tena bila riba. Kwa hiyo tarehe yetu inatufunga sisi, na tarehe yao haimfungi mtu.

Twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo maumivu yanapokaa. Chukua familia inayolipa kodi ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Nyumba ikichelewa miaka miwili, hizo ni shilingi 600,000 zilizokwenda kwa mwenye nyumba, juu ya makato ya mkopo wa Sacco uliochukuliwa kulipia nyumba mpya. Makato ya Sacco hayasubiri ghorofa ipande. Yanakatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Watu wanalipia nyumba mbili na kulala katika moja, nayo ni ile ya zamani yenye bomba linalovuja, ambayo hawataki kuikarabati kwa kuwa “tunahama karibuni”. Miaka inapita, na bomba bado linavuja.

Kuna wazazi kati yetu walioamini tarehe ile wakahamisha watoto. Shule ya karibu na nyumba mpya ilikuwa na nafasi Januari, karo ikalipwa, sare ikashonwa. Nyumba haikuisha. Sasa mtoto wa miaka minane anaamshwa Umoja saa kumi na nusu usiku ili awahi basi la shule, anarudi jioni amelala kitini, viatu miguuni. Mama yake alituambia kwamba siku moja mtoto aliuliza kama nyumba yao mpya ni kitu cha kweli. Hakujua amjibu nini.

Kuna mwalimu mstaafu. Alikuwa akiishi katika nyumba ya shule miaka ishirini na zaidi, na alipofikisha miaka 60 alitakiwa aiache. Alilipia nyumba kwa kiinua mgongo chake, akaona amejipanga. Leo anaishi sebuleni kwa mwanawe, na vitabu vyake viko ndani ya masanduku kwenye korido. Yeye halalamiki kwa sauti. Huja Jumapili, huhesabu mawe, huenda zake.

Na kuna mama mmoja ambaye nyumba ya maonyesho ilimvutia mno. Alikwenda na kipimo cha fundi, akapima dirisha la sebule, akashona mapazia ya kitambaa kizito cha rangi ya machungwa. Mapazia yako ndani ya gunia chini ya kitanda. Mwaka jana aliyatoa kuyaanika yasiliwe na nondo, akayarudisha. Dirisha lenyewe bado ni hewa.

Watu hutuuliza, kwa nini mlilipa kabla nyumba haijasimama? Swali hilo linatuumiza kwa sababu linafanya ionekane kwamba tulikuwa na pupa. Ukweli ni kwamba njia nyingine ni chache. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba ya benki ilikuwa takriban 30,000 tu kufikia mwisho wa mwaka 2023. Mtu wa mshahara wa kawaida akiingia benki, riba inamrudisha mlangoni. Nyumba iliyokwisha kujengwa inadaiwa bei yote kwa mkupuo, kwa kawaida ndani ya siku tisini. Nyumba iliyo kwenye ramani ni nafuu kidogo na inalipwa kidogo kidogo. Ndiyo njia pekee tuliyoipata, tukaipita.

Na hapo ndipo kiini kilipo. Mstawishaji asiyekuwa na mtaji wa kutosha hujenga kwa awamu za wanunuzi. Sisi ndio benki yake. Lakini benki ya kweli ikimkopesha mtu, huchukua hati ya ardhi kama dhamana, hutuma mkadiriaji aone kazi iliyofanyika kabla ya kutoa awamu nyingine, na hutoza riba. Sisi tumekopesha bila dhamana, bila mkaguzi na bila riba. Mara nyingine hata hati ya kiwanja chenyewe iko benki, imewekwa rehani kwa mkopo wa mstawishaji, na mnunuzi hajui hadi wakili wake afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Pesa za awamu zikiingia kwenye akaunti moja na pesa za miradi mingine, ni rahisi mbao na saruji zetu kuhama siku ya Jumanne kwa lori.

Tunawasikia wanaposema mambo yalikuwa magumu, na kweli yalikuwa. Mwanzoni mwa 2022 riba ya msingi ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7. Kufikia Februari 2024 ilikuwa imefika asilimia 13. Dola iliyonunuliwa kwa takriban shilingi 113 ilipanda hadi karibu 160 Januari 2024, na lifti, nyaya, vigae na vifaa vya maji huagizwa nje kwa dola. Hilo lilimgusa kila mjenzi. Lakini lilitugusa na sisi. Riba ya mikopo yetu ilipanda, unga ulipanda, nauli ya matatu ilipanda, na bado awamu zetu zilitakiwa tarehe ileile. Hatukuwa na kifungu cha kuandika kwamba mshahara ni wa “kutarajiwa”. Tungeitwa kikao, tukaambiwa kwa uwazi kwamba bei ya vyuma imepanda na kazi itachelewa mwaka mmoja, huu hapa mpango mpya, tungeumia lakini tungejipanga. Tulichopewa ni barua za salamu za sikukuu zenye picha ya jengo likiwa limekwisha, jua linawaka, watoto wanacheza kwenye nyasi.

Hata kuta zikiisha, safari haijaisha, na jambo hili wengi hawaambiwi siku ya kutia saini. Kuna cheti cha kuruhusu watu kuhamia. Kuna transfoma ya stima. Kuna maji taka, na katika maeneo mengi ya huku Mavoko mabomba ya umma hayajafika, kwa hiyo jengo linahitaji mtambo wake. Kisha kuna hatimiliki. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu nyumba za ghorofa inawezesha kila mwenye nyumba kupata hati yake mwenyewe, jambo zuri kabisa, lakini kwanza mpimaji achore mpango wa jengo zima na usajiliwe. Ofisi moja ikisimama, zote husimama. Tunawajua majirani wa mradi mwingine waliohamia kabla ya stima kuunganishwa, wakapandisha mitungi ya maji kwa ngazi hadi ghorofa ya tano kwa sababu pampu haikuwa na umeme. Walichoka kulipa kodi. Waliona heri giza lao kuliko mwanga wa nyumba ya kupanga.

Kila tukiuliza, tunaambiwa tuvumilie. Tumelelewa kwa neno hilo, na hatulidharau. Subira yavuta heri, kweli. Lakini wazee haohao waliosema hivyo walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na walijua tofauti ya mambo hayo mawili. Mwenye subira anajua anachokisubiri na lini. Sisi tumeachwa tungoje.

Kwa muda mrefu kila mmoja alingoja peke yake. Aibu ilitufunga. Nani anataka kumwambia shemeji kwamba zile pesa alizozionea wivu zimegeuka nguzo zenye kutu? Tulipoanza kuzungumza pale langoni, tukagundua kwamba kila mmoja alikuwa amepewa sababu tofauti. Huyu aliambiwa ni kibali cha kaunti. Yule aliambiwa ni mkandarasi. Dada wa Doha aliambiwa kwamba kazi iko asilimia 80. Siku hiyo tulianzisha kundi la WhatsApp, na tangu siku hiyo hatudanganyiki kwa urahisi.

Tumejifunza mambo kadhaa, na tunayatoa kwa yeyote anayekaribia kutia saini, maana sisi tuliyanunua kwa bei ghali.

Usimpe mwenye nyumba notisi ya kuhama, na usimhamishe mtoto shule, kwa sababu ya barua. Subiri funguo mkononi, maji bombani na stima kwenye taa.

Omba awamu zifuate hatua za kazi badala ya kalenda. Lipa msingi ukiisha, lipa slabu ikimwagwa, lipa paa likifunikwa, na msanifu athibitishe kwa maandishi. Mstawishaji anayekataa kabisa jambo hili amekuambia kitu muhimu kuhusu mfuko wake.

Tafuta wakili wako mwenyewe. Yule wa muuzaji ni wa muuzaji, hata akikukaribisha chai. Wako afanye upekuzi wa hati, aone kama ardhi imewekwa rehani, na kama imewekwa, adai barua ya benki kwamba nyumba yako itaachiliwa ukimaliza kulipa.

Dai tarehe ya mwisho kabisa, ambayo ikipita unaweza kujitoa na kurudishiwa pesa zote pamoja na riba. Na kama wewe unatozwa riba ukichelewa, yeye pia alipe kwa kila mwezi anaokuchelewesha.

Kila ahadi ya simu ifuatishe na barua pepe siku hiyohiyo: “Leo umeniambia kwamba…” Maneno ya simu hupotea na mfanyakazi aliyeacha kazi. Maandishi hubaki.

Na hamia na kalamu. Nyumba iliyochelewa mara nyingi humaliziwa kwa haraka. Zunguka vyumba vyote kabla ya kutia saini ya kupokea, fungua kila bomba, washa kila swichi, gonga kila kigae usikie kama ndani ni tupu. Andika kasoro zote, na upate tarehe ya kuzirekebisha.

Lakini hatutaki ionekane kwamba dawa ni mnunuzi kuwa mjanja zaidi. Muuguzi akitoka zamu ya usiku hapaswi kuwa mkaguzi wa majengo ili apate mahali pa kulala. Katiba yetu, katika kifungu cha 43, inamtambulia kila mtu haki ya makazi ya kutosha, na katika kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji na kufidiwa anapopata hasara. Tumeyasoma maneno hayo kwa sauti langoni. Kinachokosekana ni mkono wa kuyatekeleza siku lori linapoondoka na mbao.

Wenzetu wamefanya. Dubai, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, iliweka sheria mwaka 2007 kwamba pesa za wanunuzi wa nyumba zilizo kwenye ramani ziwekwe katika akaunti maalumu ya mradi huo. India ilipitisha sheria yake mwaka 2016: asilimia 70 ya pesa za wanunuzi hukaa katika akaunti ya mradi, hutolewa kwa kadiri kazi inavyokwenda, na mjenzi akichelewa, mnunuzi anayeendelea kungoja hulipwa riba kwa kila mwezi. Huko hawakuacha kujenga. Hapa kwetu, mswada wa kudhibiti biashara ya nyumba na ardhi ulifikishwa katika Seneti mwaka 2023. Waheshimiwa, tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 kila mwezi mnatukata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya kujenga nyumba, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Anayekatwa pesa za nyumba za taifa anastahili ulinzi katika nyumba moja anayojinunulia mwenyewe.

Hatuombi huruma. Tunataka pesa zetu zikae kwenye jengo letu. Tunataka kuambiwa ukweli mapema, hata ukiwa mchungu. Tunataka tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba iwe na uzito uleule kwa aliyeiandika kama ilivyo kwa aliyeitia saini. Ahadi ni deni, na sisi madeni yetu tumeyalipa kila mwisho wa mwezi.

Jumapili iliyopita mwalimu mstaafu alikuja na daftari la mazoezi, lile la kurasa 96, akalifunika kwa karatasi ya kahawia kama alivyokuwa akiwafunza watoto. Alisema tumehesabu mawe kwa macho muda wa kutosha, na macho hayaendi mahakamani. Kuanzia sasa kila atakayekuja ataandika tarehe, alichokiona, na jina la mzee wa lango kama shahidi, kisha apige picha. Nakala itakwenda kwa wakili, nyingine kwa dada wa Doha. Mlinzi alikubali, akaweka daftari kwenye kibanda chake karibu na birika la chai.

Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa hati nzuri ya ubao: ghorofa ya tatu, mistari mitano, mbao zimeondolewa, mafundi hakuna.